Ole Wangu, Ole wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu haombi, anataja tu. Anakoroga kahawa, anatazama dirishani, anasema, "Sijui kama nitakufa bila kuijua meli aliyokuja nayo Ole." Halafu ananigeukia. Mimi nimelelewa Tanga. Kwetu mkwe akikohoa, unanyanyuka kuleta maji kabla hujaulizwa. Nikasema, "Nitakutafutia, Mama." Mke wangu alinikanyaga chini ya meza, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Ole ni babu wa baba yake mama mkwe, Mnorwei aliyehamia Minnesota, jimbo hilihili tunaloishi. Ukoo unamsimulia hivi: alikuwa nahodha, alikuja New York kwa meli kubwa ya fahari, akateremkia kwenye kituo cha wahamiaji cha Ellis Island, na pale ofisa mmoja mvivu, kwa kushindwa kuandika jina lake refu, akamwandika Lee. Mama mkwe hakuliacha jina hilo hata alipoolewa. Kadi ya harusi yetu ilipofika Tanga ikiwa na jina la Bi. Lee, shangazi yangu alijifunza salamu ya Kichina, akaitoa ukumbini kwa ufasaha kabisa mbele ya mama mwenye nywele za njano na macho ya bluu. Mama mkwe alidhani ni Kiswahili. Akaikariri, na kwa siku kadhaa akawa anawasalimia nayo wauza samaki.

Basi nikaanza kumsaka Ole, na kizingiti cha kwanza kilikuwa jina. Wanorwei wengi wa zamani hawakuwa na jina la ukoo. Ole mtoto wa Hans aliitwa Ole Hansen. Ole huyo akimzaa Peder, mtoto ni Peder Olsen. Mwishoni waliongeza jina la shamba walilokuwa wakiishi, na wakihamia shamba lingine, jina nalo linahama. Sheria ya kuitaka kila familia ishike jina moja haikuja mpaka 1923. Wakwe zangu wanaliona jambo hili kama mtihani wa hesabu. Mimi nilijisikia nyumbani. Jina langu la pili ni la baba na la tatu ni la babu, na Wamarekani wameshaamua kwamba hilo la tatu ndilo la ukoo. Kwa hiyo kila nikienda kliniki, nesi anatokeza mlangoni anamwita babu yangu, aliyefariki Pangani bila kupanda chombo chochote kikubwa kuliko ngalawa. Namwitikia. Marehemu amepimwa presha Marekani mara nyingi kuliko alivyowahi kupimwa akiwa hai.

Kulielewa jina ni jambo moja, kumpata mwenyewe ni lingine. Kati ya 1825 na 1925 Wanorwei wapatao laki nane walihamia Amerika ya Kaskazini, na mwaka 1882 peke yake waliondoka zaidi ya 28,000. Kumtafuta Ole Hansen katika umati huo ni sawa na kusimama katikati ya stendi ya mabasi ukapaza sauti, "Juma!" Wanageuka wengi, na kila mmoja ana mizigo.

Nilianzia kwenye orodha za abiria wa meli, na orodha zenyewe zina historia ya kuchekesha kuliko nilivyotarajia. Marekani ilitunga sheria mwaka 1819 ikiwataka manahodha wakabidhi orodha ya abiria wanapofika bandarini: jina, umri, jinsia, kazi, nchi atokako na nchi aendako. Sheria hiyohiyo iliweka kikomo cha abiria wawili kwa kila tani tano za chombo. Sasa, chombo cha kwanza cha wahamiaji wa Norwei, mashua ya matanga iliyoitwa Restauration, kilitoka Stavanger tarehe 4 Julai 1825 na watu 52 ndani ya tani zipatazo 40. Piga hesabu mwenyewe. Walifika New York Oktoba wakiwa 53, maana mtoto alizaliwa njiani, na badala ya kupongezwa wakapigwa faini ya kujaza abiria kupita kiasi, nahodha akakamatwa na mashua ikazuiliwa. Rais John Quincy Adams ndiye aliyewasamehe. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji nimweleze zaidi, ila ajue kwamba kondakta wa gari lake hajawahi kusamehewa na rais.

Nilikaa na orodha hizo usiku, watoto wakishalala. Siku hizi zimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni, na kuna watu walioyanakili majina kwa mkono ili tovuti iweze kuyatafuta. Mungu awabariki, kwa sababu macho yao yalikuwa yamechoka. Ole wa kwanza niliyemdhania aliandikwa na wanakili kuwa ni mwanamke wa miaka miwili anayesafiri peke yake. Nikaifungua picha yenyewe. Wino ulikuwa umefifia na kugeuka rangi ya chai, na kila mahali palikuwa na vile vimkia viwili vya kuonyesha "kama hapo juu". Karani alikuwa ameandika neno "kibarua" mara moja tu kileleni mwa ukurasa, kisha akashusha vimkia mpaka chini kabisa, bila kumbagua mtu. Mstari wa mwisho ulikuwa wa kitoto cha miezi tisa. Kibarua. Yule wa miaka miwili, nilipomkuza kwenye skrini, alikuwa na 2 nyingine iliyojificha kwenye mkunjo wa karatasi. Ni kijana wa miaka 22. Kwa bahati mbaya alikuwa Mswidi.

Kilichoniokoa ni polisi, na hii ni sentensi ambayo sikutegemea kuiandika maishani. Norwei, kwa kuwa mawakala wa tiketi walikuwa wakiwatapeli watu wa mashamba, ilitaka polisi wa bandarini wawaandikishe wahamiaji kabla hawajaondoka. Madaftari hayo yanaanzia miaka ya 1860, na Hifadhi ya Taifa ya Norwei imeyaweka mtandaoni bure. Tofauti na karani wa melini, polisi wa Bergen aliandika na shamba la mtu. Ndipo nikamwona: Ole Hansen Li, miaka 22, mwaka 1882, aendako Minnesota. Li ni jina la shamba. Alilibeba mwenyewe kutoka kwao, na huku, karatasi baada ya karatasi, jirani baada ya jirani, likazoea kuandikwa Lee. Hakuna ofisa aliyemkata jina. Kwa kweli hata pale Ellis Island maofisa hawakuwa na kazi ya kubuni majina. Waliipokea orodha iliyokwisha kuandikwa na makarani wa kampuni ya meli, wakaikagua mtu mmoja mmoja, na walikuwa na wakalimani wa lugha chungu nzima.

Kazi yake ilikuwa imeandikwa pia. Si nahodha. Mtumishi wa shambani.

Nilidhani habari hizi zitapokelewa kwa vigelegele. Nilikuwa sijui habari ya fulana. Kaka yake mama mkwe, ambaye sote tunamwita Mjomba, alikuwa ameshachapisha fulana za mkutano wa ukoo. Kifuani: meli yenye dohani nne zinazofuka moshi, chini yake maneno "Ellis Island 1882". Nikamweleza kwa adabu, maana naye ni mkwe, kwamba mwaka 1882 Ellis Island palikuwa ghala la baruti la jeshi la majini, na kwamba kituo cha wahamiaji pale kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892. Wa zama za Ole waliteremkia Castle Garden, kwenye ncha ya Manhattan. Nikaongeza kwamba haikuwa meli moja ya fahari bali ilikuwa safari ya kuungaunga: chombo kidogo kutoka Bergen hadi Hull, treni ikaikata Uingereza hadi Liverpool, ndipo meli ya kuvuka Atlantiki, naye akiwa chini ya sitaha na kapu lake la chakula. Mjomba alinitazama muda mrefu. Akauliza, "Baruti ilikuwa nyingi?" Nadhani alitaka kujua kama bado angeweza kumteremsha Ole pale kwa ajili ya uhodari.

Nikamliwaza kwa kisa cha Annie Moore, na ninakitoa hapa kwa yeyote mwenye fulana mkononi. Annie ndiye msichana wa Ireland aliyekuwa wa kwanza kupita Ellis Island siku ile ya ufunguzi, akapewa sarafu ya dhahabu ya dola kumi. Kwa miaka mingi Wamarekani walisimuliana kwamba alikwenda Texas na akafa 1923 kwa kugongwa na tramu. Ukoo wa huyo wa Texas ulialikwa kwenye sherehe. Mwaka 2006 mtafiti wa nasaba, Megan Smolenyak, akaonyesha kwamba Annie wa Texas alizaliwa Illinois, hakuhama kutoka popote ng'ambo. Annie mwenyewe alibaki New York, akaolewa na kijana wa duka la mikate, akafa 1924, akazikwa katika kaburi lisilo na jiwe. Taifa zima lilikosea babu, Mjomba. Wewe umekosea dohani tatu tu.

Aliyewafurahisha wote, hatimaye, hakuwa Ole bali mpwa wake aliyemfuata 1909. Huyu kweli alipita Ellis Island, na kufikia miaka hiyo safu za orodha zilikuwa 29. Anazo pesa ngapi? Nani kamlipia nauli? Amewahi kufungwa? Ni mfuasi wa siasa za kupindua serikali? Ana ndoa zaidi ya moja? Niliposoma hiyo ya mwisho nilimkumbuka babu yangu wa Pangani na wake zake watatu, nikashukuru kwamba amevuka kwa njia ya kliniki.

Mpwa alizuiliwa kwa kuwa hakuna aliyekuja kumpokea. Waliozuiliwa walikuwa na orodha yao, na kwa kuwa gharama ya kuwalisha ilibebwa na kampuni ya meli, karani alihesabu milo. Mbele ya jina la binti yule, kwa mwandiko safi kuliko wa karani wetu wa vibarua, yamo: kifungua kinywa mara tatu, chakula cha mchana mara tatu, cha jioni mara mbili. Mama mkwe aliivuta karatasi karibu na miwani. Hakuuliza meli. Alitaka kujua kwa nini chakula kimoja cha jioni hakikuandikwa, na kama walimlaza mtoto wa watu na njaa. Ilibidi mke wangu amweleze kwamba lazima alishachukuliwa kabla ya jioni ile, na kwamba kampuni ile haiwezi tena kushtakiwa.

Fulana zilivaliwa jinsi zilivyo. Ukoo ulipiga kura, na hoja yangu ya baruti ilipata kura moja, ya kwangu. Hata mke wangu alisema dohani nne zinapendeza.

Tangu hapo sifa zangu zimevuma, na Waswahili wenzangu wa huku wameanza kunipigia simu niwatafutie babu aliyetoka Mukalla au Sur kwa jahazi la kaskazi. Jamani, naomba radhi mapema. Nahodha wa jahazi hakudaiwa orodha ya safu 29, na Salim bin Said ni wengi kuliko Ole Hansen. Mpigieni simu bibi yenu leo, yeye anajua zaidi, na dakika za maongezi ni rahisi kuliko kunilisha mimi.