Namna ya Kupata Jengo la Kijani Bila Kubakiza Jani

Una kiwanja Dar es Salaam, benki imekubali mkopo, na jirani yako ametundika langoni kibao kinachosema jengo lake ni rafiki wa mazingira. Usikonde. Urafiki huo siku hizi una vyeti, vyeti vina alama, na alama zina mahali pa kuokotwa. Fuata hatua hizi, wala usiruke hata moja.

1. Anza na mwembe

Kiwanjani pana mwembe ulioanza kuzaa kabla wewe hujazaliwa. Chini yake mlinzi ana kiti chake, mama lishe ana sufuria zake, na saa saba mchana bodaboda wa mtaa mzima wamejilaza hapo. Ukate. Kivuli chake hakijasajiliwa popote, halafu shina limekalia nafasi ya magari manne. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Sasa mjenzi amefika, kwa hiyo miti ipishe. Kuhusu kijani, ondoa shaka: kitarudi hatua ya sita.

2. Litazamishe jengo barabarani

Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Asubuhi jua hugonga ukuta wa mashariki, adhuhuri hupita karibu na utosi, na jioni huung'ang'ania ukuta wa magharibi mpaka litue. Kuta za kaskazini na kusini ndizo zenye nafuu, maana huko jua huwa juu sana, na kibao cha zege juu ya dirisha kinatosha kulikinga. Ndiyo maana msanifu anayejua kazi yake atakushauri ulilaze jengo kutoka mashariki kwenda magharibi, pande fupi ndizo zipigwe.

Msikilize, mwagizie soda, kisha mkumbushe kwamba barabara iko magharibi na wapangaji hupita barabarani. Ukuta wote wa magharibi uwe kioo, chini hadi juu. Saa kumi jioni wafanyakazi wako watabandika maboksi madirishani ili waione kompyuta. Hayo maboksi yahesabu kama urejelezaji wa taka.

3. Mfungie upepo nje

Waliojenga Mji Mkongwe wa Zanzibar hawakuwa na LUKU ya kuwaishia usiku. Walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari ndefu, ua katikati ya nyumba, na vichochoro ambavyo nyumba ya huku inaikinga jua nyumba ya kule. Vyumba vilikuwa vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Walijua kaskazi huvuma kuanzia Desemba mpaka karibu na Machi, kisha kusi hushika zamu, na dirisha walilifungua kwa kujua nani anabisha hodi.

Wewe una viyoyozi. Dirisha likifunguka, ubaridi ulioulipia utatoroka, kwa hiyo yasifunguke kabisa. Na akitokea mjuaji akakutajia Eastgate ya Harare, jengo la maduka na ofisi lililofunguliwa mwaka 1996, ambalo Mick Pearce alilisanifu kwa kujifunza kutoka kwenye vichuguu, usimkatize. Acha aeleze jinsi feni zinavyoingiza hewa baridi ya usiku, zege likapoa, na mchana likawapoza watu bila viyoyozi vya kawaida. Akimaliza, mjibu kwamba hukukopa mabilioni ili uje kumuiga mchwa.

4. Mwaga zege bila huruma

Utengenezaji wa saruji unakadiriwa kutoa takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Kosa si la moshi wa tanuru peke yake: jiwe la chokaa lenyewe, likichomwa, huachia gesi iliyokuwa imefungwa ndani yake. Lakini gesi hiyo ilitoka kiwandani, na wewe hukuwepo. Ongeza ghorofa tatu za maegesho.

5. Sasa okota alama

Hapa ndipo mshauri wa vyeti anapoingia. Mfumo wa LEED, uliotoka Marekani, una alama 110. Ukipata 40 unapewa cheti, ukifika 80 wewe ni platini. Maegesho ya baiskeli yana alama yake moja. Yaweke, hata kama mtu pekee aliyewahi kuendesha baiskeli kwenye barabara yako ni muuza mkaa, naye haruhusiwi kuingia getini. Kuwa na mtaalamu wa LEED kwenye timu nako kuna alama moja, kwa hiyo mshauri wako ana thamani sawasawa na maegesho yote ya baiskeli.

Alama nyingi zaidi ziko kwenye nishati, na waliozipanga hawakuwa wajinga. Tatizo ni kwamba zinamtaka mtu afikiri kabla ya kuchora, na wewe zege limeshakauka.

Ukiona hiyo ni ngumu, iko EDGE ya IFC, tawi la Benki ya Dunia. Yenyewe inataka uokoe angalau asilimia 20 ya umeme, ya maji, na ya nishati iliyotumika kutengeneza vifaa vya ujenzi, ukilinganishwa na jengo la kawaida la hapo mjini. Jengo la kawaida ni lipi? Mtazame jirani: kioo, kioo, kiyoyozi, kioo. Punguza vioo kidogo, weka vyoo vya vitufe viwili, tayari umeanza kuokoa. Bahati yako ni kwamba hulinganishwi na nyumba ya bibi yako, ambayo haijawahi kuwa na kiyoyozi cha kuzima.

6. Rudisha kijani

Pale mapokezi bandika ukuta wa majani ya plastiki. Hayanywi maji, jambo ambalo mshauri atalifurahia, na vumbi lake linafutika kwa kitambaa. Juu ya paa weka paneli mbili za sola. Kazi yake ni kuwasha, usiku kucha, kibao kinachosema jengo hili linatunza umeme.

7. Shughulikia kibanda cha mlinzi

Tangu ulipokata mwembe, mlinzi amejijengea kibanda pembeni ya geti. Nguzo ni mbao zilizobaki kwenye kumwagia zege, paa ni makuti, na pande mbili ameziacha wazi, ule wa kaskazi na ule wa kusi. Hakutumia mfuko hata mmoja wa saruji. Umeme wake ni redio ya betri.

Siku ya uzinduzi kitaharibu picha, na mkaguzi anaweza kukaa humo akaanza kuuliza maswali. Kihamishie nyuma, karibu na jenereta, pasipofika kamera. Lakini usikibomoe. Iko siku umeme utakatika saa nane mchana, jenereta itagoma, na madirisha yako, kama ulivyoagiza, hayatafunguka. Utateremka ngazi ghorofa kumi na mbili, tai mkononi, shati limegandia mgongoni. Mlinzi atakuona kwa mbali, atapangusa kiti cha pili kwa kiganja, na kukuambia:

"Karibu bosi. Kaa upande huu, ndiko unakotokea upepo."