Harufu ya Alizeti

Sebule moja ya Makambako, usiku, upepo unatikisa mabati. Mezani wapo Bilauri mwenye shingo ndefu, aliyekuja na mgeni kutoka Dar es Salaam, Mzee Mbeta wa mwanzi na Chupa tupu ya bia. Sakafuni amekaa Dumu la lita 20.

DUMU: Shikamoo, Mzee Mbeta.

MBETA: Marahaba. Za Njombe?

DUMU: Njema. Kilomita 60 kwenye buti la Noah, nimelazwa chali juu ya viazi. Mvua zipo, mianzi inatoa.

BILAURI: Samahani, wazee. Mimi nimezoea eli, bia ya Waingereza: kimea cha shayiri, hopsi, hamira ya kupimwa. Ulanzi wenu hamira yake mnanunua wapi?

MBETA: Imo kwenye kuta zangu, mwanangu. Mgema anakata ncha ya chipukizi, ananitegesha pale, maji ya mwanzi yanadondoka usiku kucha. Jioni anakata tena kidogo. Sabuni hatujawahi kukutana. Ukinisugua, umemfukuza mpishi. Ulanzi ukitoka shambani ni mtamu, hata mtoto anaonja; ukilala unakuwa mkangafu, na mtu mzima anauliza njia ya kwake.

BILAURI: Kimya, bwana anaonja! Kanizungusha... kanusa... kafumba macho. Anasema anasikia alizeti. Alizeti ya nyanda za juu, iliyokomaa.

DUMU: Hiyo ni mimi. Kabla ya ulanzi nilibeba mafuta ya kula.

CHUPA: Na anaandika kwenye simu!

MBETA: Maji je, hajayasikia?

DUMU: Maji gani tena?

MBETA: Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huyu wa kwetu hajasifiwa na mtu, na katia.

CHUPA: Mbona mwenye nyumba kafunga mapazia?

MBETA: Ni mkuu wa idara yule. Mchana ulanzi ni pombe ya walevi wa kilabuni. Usiku, mgeni akija, ni utamaduni wetu. Kwenye harusi ya Jumamosi aliagiza nini?

CHUPA: Mimi. Akanigeuza, lebo iwatazame watu.

BILAURI: Sasa mgeni anasema hiki kinywaji kinakosa lebo tu. Anataka kuondoka nacho kwa basi la alfajiri. Chupa, unaitwa.

CHUPA: Mimi? Nisafiri? Haya, nijazeni!

DUMU: Anapigilia kizibo! Mzee, mimi kifuniko changu hulegezwa njia nzima, la sivyo navimba. Ulanzi haujamaliza kuchacha. Tumwambie?

MBETA: Kwa lugha gani? Yule anasikia alizeti tu.

CHUPA: Wazee, mbona mnanitazama hivyo?

MBETA: Ukikaribia Mafinga, mwanangu, ukiona tumbo limejaa, pumua.

CHUPA: Nitapumulia wapi, nami nimezibwa?

DUMU: Basi omba uwekwe kwenye begi lake, si la jirani.