Sifa za Choo cha Kambini

Nzi alishapata mtetezi wake zamani. Katika karne ya 2, Lucian wa Samosata, mwandishi wa Kigiriki aliyezaliwa kando ya mto Frati, alimtungia mdudu huyo sifa ndefu zenye kila heshima: wepesi wa mabawa yake, ushujaa wake, na jinsi anavyoonja chakula cha wafalme kabla ya wafalme wenyewe. Washairi wa pwani yetu nao wamesifu mnazi, jahazi na warembo waliowakataa. Choo cha shimo hakijapata hata ubeti. Ni uzembe wa kutia aibu, maana kila kiangazi maelfu ya Wamarekani, wengi wao wastaafu, hufunga nyumba zenye vyoo viwili vya kuvuta maji, wakaenda kukaa miezi mitatu msituni kukihudumia choo hicho bila mshahara.

Watu hao huitwa wenyeji wa kambi. Idara ya Misitu ya Marekani ilipewa ruhusa na sheria ya mwaka 1972 kupokea watu wa kujitolea, na mapatano yake na wenyeji hawa ni mepesi kueleweka: mwenyeji anapewa kiwanja cha kuegesha gari-nyumba lake bure, pengine na maji na umeme juu yake, naye anatoa saa zake kadhaa kila wiki. Katika saa hizo hukagua nani amelipia kiwanja na nani anajifanya hakuona kibao. Huuza kuni, huzoa majivu, hutia maji moto ulioachwa ukifuka. Saa nne usiku huwaendea vijana wenye spika na kuwaomba, kwa sauti ya babu, wapumzishe ule muziki. Huwaeleza wageni kwamba hata dawa ya meno, kwa pua ya dubu, ni chakula, kwa hiyo ifungiwe sandukuni. Yote hayo ni mapambo. Kazi yenyewe ni choo, na aliyekuja kwa ajili ya ziwa na misonobari hulijua hilo asubuhi ya kwanza.

Basi tukisifu kwa haki. Hakihitaji bomba, hakihitaji umeme, hakikati huduma kwa sababu bili haikulipwa. Chini ya kile kibanda cha zege kuna tangi lisilopitisha kitu, na tangi la kawaida huweza kubeba galoni 1,000, yaani karibu lita 3,800. Kwa kuwa halivuji, kijito kinachopita chini ya kambi hubaki kijito. Mgeni anayekunja pua mlangoni ndiye huyohuyo anayeteka maji ya kahawa hapo bondeni, na hajawahi kushukuru.

Wenye dharau watataja harufu. Ni kweli, na kwa miaka mingi walikuwa na haki kabisa. Lakini mwaka 1991 mhandisi wa Idara ya Misitu, Briar Cook, wa kituo cha San Dimas kule California, alitoa mwongozo mzima kuhusu namna ya kujenga choo cha kambini kisichonuka. Serikali ilimlipa mtu asome kwa makini upepo unavyopita chooni, na hiyo ni moja ya fedha za umma zilizotumika vizuri kuliko zote. Siri yake ni bomba refu la kutolea hewa, lenye upana wa inchi 12, lililopakwa rangi nyeusi, likasimamishwa upande wa jua na kupanda hadi juu ya kilele cha paa. Upepo ukipita mdomoni mwake huvuta hewa ya ndani. Jua likilichoma, hewa hiyo hupanda upesi zaidi. Hewa safi huingia kwa matundu ya ukutani, hushuka kupitia tundu la kukalia, kisha hutokea juu pamoja na aibu zote. Ukiketi hapo ukahisi kaubaridi kanashuka badala ya kupanda, jua kwamba fizikia inafanya kazi yake.

Afrika haikuhitaji kufundishwa jambo hili. Katika miaka ya 1970, Peter Morgan wa maabara ya Blair, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, alikwisha kuweka bomba kwenye choo cha kijijini na kuufunika mdomo wake kwa wavu. Ndani mliachwa giza, ili nzi aliyemo shimoni aufuate mwanga wa bomba, agote wavuni na kufia humo. Mwaka 2013 Morgan alipewa Tuzo ya Maji ya Stockholm. Lucian hakuyaona hayo, na pengine ni heri. Watanzania waliokuwa watu wazima mwaka 1973 nao wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vikizunguka redio kusikiliza masomo na baadaye kuchimba vyoo kwa jembe na sururu. Hao wangemwelewa mwenyeji wa kambi bila mkalimani.

Sifa nyingine ni ukarimu, ingawa hapa choo kimezidisha. Hupokea nepi, makopo, chupa, mawe na nguo, na hakimkatai mtu. Anayelipa gharama ni dereva wa gari la kunyonya maji taka, ambaye mpira wake huziba kwa nepi moja tu, ikabidi vitu hivyo viopolewe kimoja kimoja kwa ndoano ndefu. Kibao cha kuomba takataka zisitupwe humo kipo ukutani. Kipo usawa wa macho ya aliyeketi, na bado.

Aprili 2022, kwenye kilele cha Mount Walker katika jimbo la Washington, mwanamke mmoja alidondosha simu chooni. Alikifungua kiti, akajaribu kuiopoa simu kwa kamba za mbwa, kisha akajifunga kamba hizohizo ili ainame zaidi, akatumbukia kichwa mbele. Humo chini aliipata simu yake, na ndiyo aliyoitumia kupiga 911, namba ya dharura. Zimamoto wa Brinnon walimteremshia magogo ya kusimamia, wakamvuta kwa mkanda, wakamwosha. Wafanyakazi wa kampuni za simu wanaosifu uimara wa mtandao wao hawajatumia ushahidi huu, sijui wanangoja nini.

Ukarimu huo umewafikia hata bundi, ndege ambaye kwetu akilia juu ya paa watu hulala macho. Wapo bundi wadogo wanaotafuta mashimo ya miti ya kutagia, na kwao bomba lile jeusi ni mti wenye shimo. Wakishuka hawawezi kupanda tena. Tangu mwaka 2010 kituo cha Teton Raptor Center, huko Wyoming, kimekuwa kikisambaza wavu wa kufunika midomo ya mabomba hayo, na mwenyeji wa kambi anayepanda ngazi kuukagua amepata cheo cha ziada asichoandikiwa: mlinzi wa bundi.

Kuhusu usafishaji wenyewe, usidhani ni deki tu. Kinyesi cha panya kikikutwa pembeni hakifagiliwi kikiwa kikavu. Hulowanishwa kwanza kwa dawa, kwa sababu vumbi lake huweza kubeba virusi vya hanta. Mwaka 2012 virusi hivyo viliua watu 3 waliokuwa wamelala katika hifadhi ya Yosemite, wengi wa wagonjwa wakiwa wamekaa katika vibanda vya turubai. Hivyo yule mwenyeji mstaafu mwenye glavu za mpira, anayenyunyiza, anayesubiri, ndipo anayepangusa, anafanya kazi ya kitabibu, na wanaopanga foleni nje wakiguna kwamba anachelewa hawana habari.

Nafasi hizi hutangazwa kwenye tovuti ya serikali iitwayo Volunteer.gov, na matangazo mengi yana adabu ya posa: ziwa hutajwa kwanza, kisha mlima, kisha kiwanja cha bure, na vyoo hujitokeza baadaye, katikati ya sentensi, vikiwa pamoja na majivu na meza za wageni. Mwombaji mgeni huuliza kama samaki wanakamatika. Aliyewahi kukaa msimu mmoja huuliza vyoo ni vingapi, na gari la kunyonya lilipita lini mara ya mwisho.