Jinsi ya Kumiliki Baridi Mjini Likasi

Mwezi wa tisa ukiingia Likasi, mijakaranda inachanua, mabati yanaanza kulia kwa joto na wenye akili wanahamisha viti chini ya mwembe. Wewe umepata pesa kidogo, kwa hiyo mwembe haukutoshi tena. Unataka kiyoyozi, kile chenye magurudumu kinachosukumwa kutoka sebuleni hadi chumbani. Umeamua vizuri. Fuata maelekezo haya, na kabla mvua za Novemba hazijaanza utakuwa umekuwa mtu mwingine, angalau machoni pa majirani.

Jambo la kwanza ni kununua wakati usiofaa. Juni bei ingekuwa nafuu, lakini mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,300 hivi. Juni watu wanazunguka mbabula asubuhi wakiwa wamejifunika mablanketi, na anayeulizia kiyoyozi siku hizo atapelekwa kuombewa. Subiri Septemba, bei ipande, kisha shuka Lubumbashi, kilomita 120 hivi, ukiwa na dola zisizo na kasoro. Noti iliyochanika milimita mbili pembeni itainuliwa juu, itaangaliwa kwenye mwanga na kurudishwa mkononi mwako kwa masikitiko, na muuzaji aliyeirudisha atakuambia kwamba ufa ulio kwenye mashine yake hauna maana yoyote.

Dukani utakuta aina mbili, na zote utaambiwa ni klima. Zungukia nyuma uangalie. Ile yenye bomba nene kama mguu wa kijana ina kompresa ndani, na hiyo ndiyo kiyoyozi. Isiyo na bomba ni feni yenye tangi la maji: inapuliza hewa kwenye pedi iliyoloa, maji yanakauka na hewa inapoa. Kwa siri nikwambie kwamba kwa Septemba na Oktoba ya hapa, hewa ikiwa kavu hadi midomo inapasuka, hiyo ya maji inafanya kazi vizuri, tena inakula wati zisizofika hata 100 au zinazozidi kidogo. Novemba, hewa ikijaa unyevu, itageuza chumba chako kuwa chungu cha kuchemshia sombe. Lakini si kwa sababu hiyo nakwambia usiichukue. Bei yake inajulikana na kila mtu mtaani.

Chukua yenye bomba. Kwenye boksi kutaandikwa BTU 12,000. Maana yake ni kwamba katika saa moja inaweza kutoa ndani ya chumba joto la kiasi hicho, sawa na kilowati 3.5, na ili kufanya hivyo itavuta umeme wa wati 1,200 au zaidi. Namba hiyo inapendeza, iache kwenye boksi. Ukweli wake ni kwamba bomba moja linatoa hewa nje, na hewa iliyotoka lazima nafasi yake ijazwe. Itajazwa na nini? Na hewa ya uani, inayopenya chini ya mlango, kwenye nyufa za dari na kwenye tundu la funguo, ikiwa na nyuzi 30 na vumbi jekundu juu yake. Wamarekani wana kipimo cha pili kinachohesabu hasara hii, na humo mashine ya 12,000 mara nyingi inaporomoka hadi 7,000 na kitu. Zipo zenye mabomba mawili, moja la kuvuta na moja la kutoa, ambazo haziugui ugonjwa huu. Muuzaji hatakuwa nazo, na atakuuliza wewe una madirisha mangapi hata utake mabomba mawili.

Dirishani ndipo utakapomtambua fundi wako. Ndani ya boksi kuna kipande cha plastiki kilichotengenezwa kwa madirisha ya kuteleza ya ng'ambo. Lako ni la naco, lile la vipande vya vioo, na mbele yake kuna nondo za kuzuia wezi. Utatoa vioo viwili, utaziba nafasi kwa tripleksi iliyotobolewa, na pale palipobaki wazi utapachika gazeti na gundi ya karatasi. Fundi, akiona jasho lako, atatoa ushauri wa kitaalamu: "Papa, tupitishe tu mu plafo, haina mambo." Kataa. Joto ukilipandisha darini litakaa kati ya mbao na mabati, likutane na joto la jua lililotangulia, kisha yote mawili yakushukie usiku. Bomba liwe fupi, limenyooka, na mdomo wake uwe nje kabisa, ukimwelekea jirani usiyeelewana naye.

Sasa tufike kwenye umeme, na hapa naomba utulie.

Mashine ile imeandikwa volti 220. Saa kumi na mbili jioni, avenyu nzima ikiwasha resho kwa ajili ya bukari, volti zinazofika kwako ni zile zilizobaki njiani. Kompresa itajaribu kuzunguka, itaguna, itashindwa, na ikishindwa inavuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida hadi waya zake zinaungua. Kwa hiyo utanunua stabilizateri, na iwe kubwa kuliko hesabu yako. Jenereta ndogo ya wati 950 iliyoko stoo usiiguse. Itaiwasha feni ya mbele, utapata upepo na kelele mbili kwa wakati mmoja. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikikatiza na umeme kurudi, kitabu cha maelekezo kinasema usubiri dakika tatu kabla ya kuwasha tena, ili shinikizo la gesi lilingane ndani ya mabomba. Subiri kwa nidhamu. Mara nyingi utakuwa umemaliza dakika ya pili pale umeme utakapoondoka tena.

Usinung'unike, maana mashine hii ni fahari yetu. Ondoa ubao wa nyuma uone: mabomba membamba yale yanayong'aa ni shaba. Kiwanda cha Shituru kimekuwa kikichenjua shaba hapa tangu 1929, na malori yanapita kwenye barabara ya taifa namba 1 kuelekea Kasumbalesa usiku na mchana. Shaba yetu ilivuka bahari, ikakunjwa kwenye boksi na kurudi kwako kwa dola. Umeme nao haujakosekana. Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilianza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya shaba ya Union Minière. Lilipokarabatiwa na kurudishiwa megawati zake 78 mwaka 2021, kampuni ya migodi ya Ivanhoe ilishirikiana na SNEL, shirika la umeme la taifa, kwenye kazi hiyo, kwa ajili ya mgodi wa Kamoa-Kakula karibu na Kolwezi. Nguzo kubwa za umeme unazipita kila ukienda mjini, na waya zake zinavuma vizuri sana. Unaweza kuegesha kiti chini yake usikilize.

Umeme ukishirikiana, funga milango na madirisha yote, kisha vaa koti na tai. Hapo ndipo pesa yako inapoanza kurudi: wewe peke yako katika komuni nzima ya Kikula umevaa suti kamili Oktoba saa nane mchana bila kulowa mgongo. Ndugu watakuja kukujulia hali. Watakaa. Kila mmoja wao anatoa joto la wati 100 hivi akiwa ametulia, na zaidi akianza kusimulia, kwa hiyo wageni kumi watakula kwa urahisi karibu theluthi ya nguvu iliyoandikwa kwenye boksi. Yaya wako, yaani ndugu yako mkubwa, atafungua mlango kila baada ya muda kuita watoto nao waje kuonja. Huwezi kumkemea, ni yaya.

Utasikia pia kwamba kiyoyozi kinatoa maji, na kwa kuwa bomba la uani limekauka wiki ya pili utaweka ndoo chini yake kwa matumaini. Hewa ya Septemba haina maji ya kumpa mtu. Waulize askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa waliozingirwa hapa, mji ukiitwa Jadotville, kuanzia tarehe 13 Septemba 1961: helikopta iliwaletea maji kwenye madebe yaliyokuwa na petroli, hayakunyweka, na siku iliyofuata wakajisalimisha. Ndoo yako itaanza kujaa Novemba, mvua ikiwa tayari inamwagika kutoka kwenye mabati bila malipo.

Kwa hiyo uza kabla ya mvua. Wiki ya pili ya Oktoba ni nzuri, joto likiwa limewachanganya watu. Futa vumbi, rudisha plastiki ya dirisha ndani ya boksi, na mnunuzi akikuuliza kama mashine imetumika sana, mtazame usoni na kumwambia ukweli wote: tangu umeinunua haijafikisha saa sita mfululizo.