Utangulizi wa Kiasiolojia: Ainisho la Vitabu vya Mapishi ya Wenye Kisukari, kwa Mifano ya Same na Milima ya Upare

Mwanafunzi wangu, funga mdomo, fungua daftari. Taaluma ninayokufundisha leo haina kitivo popote duniani, na hilo ndilo linaloeleza hali ya dunia.

§1. Fasili

Kitabu cha mapishi ya mwenye kisukari, ambacho kuanzia hapa tutakiita KIMAKI, ni matini yenye kurasa zaidi ya moja inayomfundisha kuchemsha maharage mtu aliyeyachemsha tangu akiwa na miaka saba. Zingatia neno "mwenye". Ukipita sokoni Same utasikia mama akisema, "Mimi nina sukari," na nyumbani kwake hakuna sukari hata ya kuonja. Huyu ndiye binadamu pekee anayetangaza kuwa na kitu kwa sababu amekatazwa kuwa nacho. Hali hii naiita umilikikinyume. Andika, itatoka kwenye mtihani.

Kuhusu manufaa, usiniulize kama KIMAKI kimeshusha sukari ya mtu. Hilo ni swali la madaktari, watu wa vitendo. Sisi wanazuoni tunauliza swali zito zaidi: je, kimewahi kufunguliwa mahali penye moto?

§2. Historia, kwa kifupi

KIMAKI cha kwanza kiliandikwa na njaa. Mwaka 1870 majeshi ya Prussia yaliizingira Paris, chakula kikawa cha mgawo, na tabibu Apollinaire Bouchardat akaona wagonjwa wake wa kisukari wakipungua sukari kwenye mkojo. Hakukuwa na ukurasa hata mmoja, wala picha ya saladi.

Huku kwetu, Donald McLarty na wenzake walichapisha mwaka 1989, katika jarida la Lancet, matokeo ya kupima watu zaidi ya 6,000 kwenye vijiji sita vya Tanzania. Waliokuwa na kisukari hawakufika asilimia 1. Enzi hizo KIMAKI kingekosa msomaji. Siku hizi kaa msibani Upare chai inapogawiwa. Zamani uliuliza sukari iko wapi; sasa vikombe vinapita na sauti zinafuata nyuma: "Cha kwangu kisiwe nayo."

§3. Ainisho

Aina ya Kwanza: KIMAKI-Mgeni. Huletwa na binamu aliye Uingereza, kikiwa kimefungwa ndani ya sweta. Karatasi yake inang'aa kiasi kwamba mwanga wa koroboi ukiipiga husomi kitu. Kinadai samaki aina ya salmon, na msomaji yupo Same, ambako samaki wa kuaminika ni perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, naye huja kwa basi. Kinadai mafuta ya zeituni, kinadai shayiri. Kati ya viungo vyote vya kitabu hicho nimekuta kimoja tu tunachoweza kujivunia, nacho ni tangawizi. Lakini kitabu kinataka kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Mwanafunzi, juu ya milima hiyo unayoiona dirishani ipo Mamba Miamba, ambako tangawizi hupimwa kwa magunia. Kumwambia mtu wa Mamba atumie kidole gumba cha tangawizi ni kumwambia mvuvi wa Pemba anuse bahari.

Halafu kuna kosa la mwinuko, ambalo sijaona mhakiki yeyote akiligusa. KIMAKI-Mgeni husema, "Chemsha dakika arobaini." Wapi? Kila ukipanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa joto lililopungua karibu nyuzi 1 ya Selsiasi. Kileleni Shengena, mita 2,462, maji yangechemka kwenye nyuzi 92 au karibu na hapo. Mapishi yanayotimia pale tambarare stendi, ukiyapandisha Chome, huko milimani, ni maharage mabichi yenye maelezo. Nimependekeza kila nakala iandikwe kwenye jalada mita inazofaa kutumika, kama lori linavyoandikwa tani.

Aina ya Pili: KIMAKI-Kiasi. Hiki ni cha Kiswahili, kurasa chache, pini moja katikati. Chumvi kiasi. Mafuta kiasi. Ugali kiasi. Hapa ndipo taaluma yangu, kiasiolojia, ilipozaliwa. Nimegundua viasi vitatu: kiasi-katazo (usile, ila naona aibu kukwambia), kiasi-idhini (kula, ila nisisikie) na kiasi-kimbilio, pale mwandishi mwenyewe hajui na muda wa kupeleka kitabu kiwanda cha uchapaji umefika. Jambo hili si dogo. Januari 1945 Wapare walishuka kwa maelfu hadi Same, wakakaa hapo kupinga mbiru, kodi iliyotaka kila mtu atozwe kwa jinsi mali yake ilivyokadiriwa. Wanahistoria wanaliita vuguvugu la kisiasa. Mimi naliita mgomo wa kwanza wa kiasiolojia nchini: watu walikataa kukadiriwa kwa macho. Leo wajukuu wao wanaambiwa "ugali kiasi" nao wananyamaza.

Na tunapimia nini? Mama wa Same ana sado, ndoo ya rangi iliyopanda cheo ikawa kipimo cha taifa. Kikombe cha kitabu kina mililita 250. Kikombe cha shangazi yangu ni cha bati na kina masikio mawili. Uhusiano kati ya vikombe hivi viwili bado ni fumbo.

Aina ya Tatu: KIMAKI-Jirani. Hakijaandikwa. Husomwa kupitia ukuta wa miti, na kila ukurasa unaanza na "mimi kuna mtu alikunywa mlonge". Tunapita.

Kumbuka tu kwamba aina zote tatu zinanyamaza juu ya dengelua, pombe ya miwa, ingawa ukoo mzima unajua muwa una nini ndani. Ukimya huu nauita adabu-matini.

§4. Tatizo la makande

Sasa kaa sawa, tumefika kitovuni.

Kijitabu cha kisasa kina mchoro wa sahani iliyogawanywa: nusu mboga za majani, robo wanga, robo protini. Kwa mla ugali na dagaa, sawa, mipaka inaonekana. Wali wa Ndungu nao una mpaka wake. Lakini chakula cha Mpare ni makande, mahindi na maharage yaliyolala chungu kimoja usiku kucha hadi kila moja limechukua tabia ya mwenzake. Robo ya wanga iko wapi? Robo ya protini imeishia wapi? Makande yamekataa sahani tangu kabla sahani haijachorwa. Kinachoumiza ni kwamba sayansi ipo upande wake: tangu David Jenkins na wenzake watoe kipimo chao cha kasi ya sukari mwaka 1981, maharage yamekuwa yakionekana kuipandisha taratibu, na mahindi mazima yakichanganywa nayo hayana haraka kama sembe iliyosagwa ikawa vumbi. Kijitabu hakina mchoro wa jambo hilo. Hakuna aliyeweza kulichora.

Niliamua kufanya jaribio. Shangazi yangu wa Chome, mwenye sukari mwaka wa nne, alinipakulia sahani. Nikaiweka chini ya dirisha, nikachukua kijiko cha chai na kijitabu, nikaanza kutenganisha. Mahindi kushoto, maharage kulia. Punje nyingine ilikuwa imekoboka nusu, ganda limebaki kwa jirani. Hizo nilizitengea ukingo, nikaziita mseto-mashaka. Harage lililopasuka nilijiuliza kama ni moja au mawili. Nilifika mia na ushee, mjukuu akapita akidai yai, hesabu ikapotea, nikaanza upya. Moto ukafifia. Makande yakapoa na kuota ngozi juu.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mnavu, majani yakijaa ungo. Hakusema neno. Baada ya muda alinyoosha mkono akaivuta sahani, akarudisha mahindi yangu juu ya maharage yangu kwa kiganja, mara moja, bila kuheshimu mseto-mashaka. Akapunguza nusu, akamwekea mjukuu. Pale palipobaki wazi akajaza mnavu hadi ukaning'inia ukingoni.

Nikamfungulia mchoro nimwoneshe kwamba, kwa bahati, alichokifanya kinakaribiana na ukurasa wa tisa. Alivaa miwani. Aliutazama ule mduara muda mrefu, kidole kikifuata mstari hadi katikati, kisha akagonga chini ya sahani yake, palipokuwa pamelowa.

"Baba," akasema, "na mchuzi huu uko robo gani?"

Mwanafunzi, ongeza kurasa kwenye daftari. Hiyo ni Sura ya Pili, na sijaanza kuiandika.