Kichwa cha Alasiri

Bibi mmoja fundi kofia wa Vikokotoni, Zanzibar, aliumwa na kichwa mwezi mzima, na mwezi mzima nyumba nzima ikashughulika na kichwa. Shangazi alileta habbat-soda. Wifi akaja na ubani. Mpwa aliyesomasoma mambo ya afya akasema ni presha. Bibi akapimwa, presha yake ikaonekana nzuri kuliko ya mpwa. Wengine walinong'ona kuwa ni hasadi tu, watu wanazionea wivu kofia zake. Asubuhi alikuwa mzima kabisa, kwa hiyo kila dawa ilipata sifa yake. Ikiingia alasiri, kichwa kinaanza tena palepale, juu ya nyusi na nyuma ya macho.

Hakuna aliyeuliza anashinda akifanya nini. Kofia ya viua hushonwa kwa mkono, vijitundu vidogovidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja baada ya kingine, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, na kofia moja nzuri huweza kula miezi. Bibi huyu alikwishavuka miaka 40. Kazi ya kutia uzi kwenye sindano alikuwa keshamkabidhi mwanawe wa darasa la tatu, ujira wake kashata. Kitambaa nacho kilikuwa kikihama: kwanza kilikaa kifuani, kikateremka magotini, mwisho mkono ukawa mfupi.

Ndani ya jicho mna lenzi laini inayonenepa mtu anapotazama kitu cha karibu, na msuli mdogo unaoizunguka ndio wenye kazi hiyo. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi huwa ngumu, haitii tena. Mwenyewe basi hujikaza: anakunja uso, anakakamaza shingo, anasahau kupepesa mpaka macho yanakauka. Saa tatu nne za namna hiyo, paji la uso linadai haki yake. Ndiyo maana kichwa kinachotokana na macho kwa kawaida hakimwamshi mtu alfajiri; husubiri kazi ianze.

Na si fundi huyu peke yake. Utafiti uliofanywa Zanzibar na kuchapishwa mwaka 2010 ulipima watu 381 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Takriban asilimia 89 walikuwa na macho haya ya utu uzima, na kati ya waliohitaji miwani ya karibu, waliokuwa nayo hawakufika hata mmoja kwa watano. Waliobaki wanachagua mchele kwa kubahatisha. Kwa hiyo mgeni akisaga jiwe kwenye pilau, asiharakishe kumwita mwenyeji mvivu. Mwenyeji huenda aliuchagua mchele ule mara mbili, kwa bidii zote, bila kuliona.

Wanaume nao wana yao. Pale Jaws Corner ya Mji Mkongwe, kwenye kahawa na dhumna, utamwona mzee ameunyoosha mkono wenye simu mpaka kammwagia kahawa mwenziwe, kisha anatangaza kwamba simu za siku hizi zina herufi za kichawi. Mmoja alituma rambirambi kwenye kundi la harusi. Majibu yalikuja upesi sana.

Lakini macho nayo husingiziwa. Kipandauso chanzo chake kimo kwenye ubongo; hata kikitanguliwa na vimulimuli machoni na mwanga ukageuka adui, miwani haikiponyi. Na kipo kichwa kisichotaka mzaha: jicho jekundu linalouma ghafla, taa zinazoonekana zimezungukwa na duara za rangi, uoni kufifia, na kutapika. Huenda presha ya ndani ya jicho imepanda kwa mpigo, na mtu anaweza kupofuka ndani ya muda mfupi. Huyo apelekwe hospitali usiku uleule, ubani ubaki chetezoni.

Fundi wetu alikwenda kupimwa, akapewa miwani ya kusomea namba mbili. Kitu cha kwanza alichokiona vizuri ni kofia aliyoimaliza wiki iliyopita. Akaifumua upande mzima. Halafu akaitwa chini, akashuka ngazi bila ya kuivua miwani, na miwani ya karibu huvuruga kila kilicho mbali. Ngazi za nyumba za Mji Mkongwe zimesimama kama mnazi hata kwa mwenye macho mazima. Bibi alikanyaga kidato ambacho hakikuwapo, vilivyobaki akavimaliza kwa makalio.

Kichwa, hata hivyo, kilitulia. Shida ikahamia kwa mumewe, ambaye tangu skuli haoni mbali na karibu anaona vizuri, yaani miwani ile haimfai kwa lolote. Alijitazama nayo kwenye kioo, akaona inampa haiba ya kadhi. Usiku akaivaa kutazamia mpira kwenye televisheni. Kabla ya mapumziko aliomba Panadol, lawama zote akambebesha refa.