Chupa Ikamatwe, Tumbo Lipite

Kwa mtu anayepanga kulewa mpirani, Ligi Kuu ya Zanzibar ni pahali pabaya pa kuanzia. Tazama tu timu ambazo zimekuwa zikipishana kwenye msimamo miaka hii: Polisi, Mafunzo, Zimamoto, Uhamiaji, JKU, KVZ, KMKM. Nchi nyengine askari huja uwanjani kulinda mechi. Kwetu wanavaa njumu na kuicheza. Kikosi cha kuzuia magendo kinapiga kona, wa Chuo cha Mafunzo, ambao kazi yao ya kila siku ni kukaa na wafungwa, wanaokoa kwa kichwa, na kuna siku raia pekee ndani ya uwanja ni refa. Ukifika hapo na bia kwapani hujaenda kutazama mpira, umejisalimisha.

Sasa nieleze, pamoja na yote hayo, ukaguzi wa getini wa nini? Na kama lazima uwepo, kwa nini uniangukie mie?

Mie ni mkaazi wa Chukwani, na mtu wa Chukwani akizungumza mambo ya sheria hazungumzi kwa kusikia. Baraza la Wawakilishi liko kwetu. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2020 imepitia hapo hapo, na siku za vikao sisi ndio tunaosubiri kwenye daladala mpaka misafara ipite. Tuna na chuo kikuu, SUMAIT, kilichoanza 1998 kikiwa chuo cha ualimu. Ni chuo cha Kiislamu, na habari ya bia kabla ya mechi hapo haizungumzwi hata kwa mzaha. Huku wanatunga sheria, kule wanasomesha maadili, na sisi tumo katikati tumebanwa. Kama kuna mtaa Unguja ambao watu wake wangestahiki kupita getini bila ya kunuswa, ni huu wetu.

Basi sikilizeni yaliyonikuta. Palikuwa na bonanza la vyuo, si vya kwetu, upande mwengine kabisa wa kisiwa, na sivitaji maana sitaki kuitwa na sheha. Mtoto wa dada yangu alikuwa anacheza netiboli ya ufunguzi, nami mjomba mtu nikaona niende. Nilijitayarisha: kofia, mkeka, kachori kwenye mfuko wa karatasi, na chupa ya lita moja na nusu ya ukwaju aliouloweka mama watoto usiku wa kuamkia siku hiyo. Getini pamebandikwa karatasi: marufuku vileo vya aina zote, sigara, silaha na mavazi yasiyo ya heshima. Nikaisoma yote kwa utulivu, kwa kuwa hapakuwa na hata neno moja lililonihusu.

Kijana wa getini akaitaka chupa. Akazungusha kizibo. Sasa, ukwaju uliolala usiku kucha, kisha ukapanda daladala jua la saa nane, ukifunguliwa lazima upumue. Pssss. Kijana akarudi nyuma.

"Mzee, nini hii?"

"Ukwaju, mwanangu."

"Mbona unatoa gesi?"

"Umepanda gari ya watu ishirini na tano. Hata wewe ungetoa."

Hakucheka. Akanusa. Akamwita mwenzake, naye akanusa. Mwenzake akamwita dada aliyekuwa anakagua upande wa kina mama, akanusa kwa macho yaliyofumbwa, akasema ukwaju anaotengeneza yeye hauna harufu ile, pengine huu umetiwa hamira. Foleni nyuma yangu imeshaanza kunung'unika. Bwana mmoja ambaye simjui wala hanijui akasema kwa sauti ya huruma, "Mtu mzima na mvi zake, jamani." Nikataka niunywe mbele yao. Wakasema kunywa si ushahidi, kwani mlevi naye hunywa. Hapo kwa kweli walinishinda. Ukwaju ukamwagwa chini ya muembe, nikaingia na kachori kavu.

Na mambo hayo yakiendelea, kuna vijana wamepita ubavuni mwangu, macho mekundu kama taa za breki, wanatafuna karafuu. Mie nimezaliwa kwenye karafuu, babu yangu kazichuma Pemba, nimezianika na kuzifagia. Sijapata kumuona mtu mzima wa afya akitafuna karafuu konzi nzima saa tisa za mchana kwa mapenzi tu. Walinzi wakawapapasa mifuko, wakawapapasa viuno, hawakukuta kitu. Piteni, wanangu. Watakutaje kitu, na mali yote ilishahamishwa ndani tangu saa sita? Mapumziko wakatoka. Waliporudi mmoja alikuwa anashangilia kwa jina timu ambayo siku hiyo haikuwa ikicheza.

Jioni nikampigia mpwa wangu aliyeko Columbus, Ohio, mji wenye Wabarawa wa kutosha kufungua baraza na kugombana kwa Kiswahili. Nilitaka anipoze. Akaniongezea machungu. Kumbe kule, Jumamosi za mpira wa vyuo, ule wao wa kukumbatia mpira na kukimbia nao, watu huanza mechi tangu asubuhi wakiwa kwenye maegesho ya gari. Wanafungua buti, wanashusha jiko la mkaa, soseji zinageuzwa, sanduku la barafu linafunguliwa, na bia zinashuka kabla hata adhuhuri haijasogea. Uwanja wa chuo chao unachukua watu zaidi ya laki moja. Chuo, mjomba! Mie nilisoma chuo ambacho uwanja wake ulikuwa na mbuzi.

"Na polisi?" nikauliza.

"Wapo, wanasalimia."

Akanieleza kuwa sheria hazikosekani. Chini ya miaka 21 huruhusiwi, tangu serikali yao kuu ilipotunga sheria mwaka 1984 ya kukata fedha za barabara kwa jimbo lolote litakalowauzia walio chini ya hapo. Vyuo vingi havitaki chupa za kioo, vingi havitaki mapipa. Kwa hiyo mtu huimimina bia kwenye kikombe cha plastiki chekundu, na aliye chini ya umri naye ana kikombe chekundu, na askari anaona vikombe vyekundu maegesho mazima. Nikamwambia, mwanangu, huko wenzenu wana jipya gani? Hiyo si ndiyo ile ile ya kwetu, chombo kinakamatwa na kilichomo kinapita?

Lakini kuna chuo kimoja kilinivutia, West Virginia. Hawa walikuwa na mtindo wa kuwaruhusu watazamaji watoke mapumziko na kurudi, na watazamaji walikuwa wanakwenda moja kwa moja kwenye mabuti ya gari kupiga za haraka haraka kabla ya kipindi cha pili. Mwaka 2011 chuo kikaamua mambo mawili kwa pamoja: atokaye harudi, na bia iuzwe ndani, kwa bei ya kumfanya mtu afikiri. Polisi wao wakasema vurugu na ukamataji siku za mechi vimepungua. Walioshughulikiwa ni matumbo, chupa zikapumzika. Nikaliweka hilo akilini, maana nilijua litakuja kunifaa barazani.

Mimi sinywi, na siombi bia iuzwe Chukwani. Nikisema hivyo nitahamishwa nyumba. Kinachonikera ni huku kutazamana usoni. Kisiwa hiki sheria ya kileo haikuulizi umekunywa kiasi gani, inakuuliza wewe nani. Nalo si la jana. Mataifa yalipokutana Brussels mwaka 1890, yaliandika sura nzima ya kuzuia pombe kali isiwafikie wenyeji katika eneo kubwa la Afrika, na yakakumbuka kuacha kijidirisha kwa ajili ya mahitaji ya wasio wenyeji. Zanzibar imo kwenye orodha ya waliotia saini. Kile kijidirisha hakikufungwa mpaka leo, siku hizi kimewekewa kaunta na mwamvuli wa makuti.

Muulizeni shemegi yangu wa Mbagala. Huyu ni Simba wa damu. Mei 2025 fainali ya Kombe la Shirikisho baina ya Simba na RS Berkane ya Morocco ikaletwa Amaan, naye akapanda boti na jezi yake, akafikia kwangu. Simba walishafungwa mbili bila kule ugenini, kwa hiyo alifika na presha.

"Shemegi, moja baridi tu, nitulize moyo."

Moja baridi, Unguja, na huyu ni Mtanzania mweusi mwenye jezi nyekundu! Tulipofika kwenye hoteli ya kwanza tukaulizwa tunalala chumba namba ngapi. Hoteli ya pili wakamtazama, wakanitazama na kofia yangu ya kiua, wakasema baa inafanyiwa usafi. Nyuma yao Mtaliano mmoja alikuwa anafanyiwa usafi huo kwenye glasi. Dereva wa bodaboda akasema anajua pahali, akashusha sauti utadhani anauza bunduki, akatupeleka kwenye kantini moja ambayo nayo, kwa mshangao wangu, ilijaa watu ninaowajua. Hakuna aliyenisalimia. Mpaka leo tukikutana sokoni tunaulizana habari za mvua. Shemegi alipata moja yake, ikazaa ya pili, akapita getini Amaan bila chupa, bila harufu ya ukwaju, bila tatizo. Mechi ikaisha moja kwa moja, Berkane wakabeba kombe, na moyo haukutulia.

Na msinambie kwamba mpira na bia ni maji na mafuta. Bara bia imevaa jezi miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2013 Kilimanjaro ndiyo iliyowakutanisha Simba na Yanga kwenye lile pambano la Nani Mtani Jembe, Simba wakashinda tatu kwa moja, na nchi nzima ikasahau kuwa ilikuwa inatazama tangazo. Sisi huku tukasema hatutaki, tuna heshima zetu. Kampuni ile ile ya bia ikafikiri kidogo, ikatuletea Grand Malt, kinywaji kisicho na kileo, na Ligi Kuu ya Zanzibar ikadhaminiwa na Grand Malt. Kila mtu akaridhika. Pesa ilitoka mfuko ule ule ila ilitawadha njiani. Wenzetu wa Qatar hata muda wa kutawadha hawakumpa mtu: Novemba 2022, siku mbili kabla ya Kombe la Dunia kuanza, bia ikaondolewa kwenye maeneo ya viwanja, na Budweiser waliokwisha kulipa wakabaki wanauza ile isiyolevya.

Sisi tulionja ukame wetu mwanzoni mwa 2024. Amaan mpya imefunguliwa Disemba, Januari 13 Mlandege wamewafunga Simba bao moja na kuchukua Kombe la Mapinduzi, mji umelala macho kwa furaha, na wakati huo huo hoteli zinalia hakuna bia. Vibali vya waingizaji vilikuwa vimekwama, bei zikapaa, na waziri wa utalii, Simai Mohammed Said, akajiuzulu mwezi huo huo akisema mazingira ya kazi si rafiki. Magazeti ya Ulaya yakaandika kuhusu kiu ya Zanzibar. Chukwani tulisoma kwenye simu tukiwa na urojo mkononi. Hata mmoja hapa kwetu hakukiri kuwa ameona tofauti, ingawa kinyozi wetu alikuwa na hasira zisizoelezeka mpaka Machi.

Sasa, juzi barazani nikalitoa lile la West Virginia. Sikugusa suala la kuuza. Nilisema nusu ya kwanza tu: atokaye mapumziko asirudi. Nilitegemea makofi. Mzee wa upande wa kahawa akaniuliza mechi inaanza saa ngapi. Nikasema tuseme kumi na moja na nusu.

"Mapumziko ni Magharibi," akasema. "Unanifungia nje kwa kuwa nimekwenda kusali?"

Nikasema basi wanaorudi wakaguliwe pumzi, aliyetoka msikitini apite.

"Amnuse mtu ametoka kusali! Nani, mlinzi?" Baraza zima likanigeukia. Fundi cherehani akasema hiyo ni fitina. Mwengine akasema nimeshaharibiwa na mpwa wangu.

Kwa bahati jirani yetu mmoja, ambaye mashindano yakija huchukuliwa kusimamia mageti, alikuwa pale pale anapuliza kikombe. Nikamgeukia yeye, mtu wa fani, atoe fatwa.

"Mie nina mafua tangu msimu uanze," akasema. "Sinusi kitu."

"Sasa unajuaje chupa ina nini?"

"Sijui. Jioni naulizwa nimekamata chupa ngapi. Siulizwi zilikuwa na nini." Akamaliza kikombe, akaagiza chengine cha tangawizi kwa ajili ya mafua, na akamwambia muuza kahawa vyote viwili aviandike kwangu.